Sinki la Kliniki Iliyofungwa

Mdogo mtu alishuka kwenye teksi mbele ya hospitali ambayo hakuwahi kuiona, akauliza njia kwa walinzi wawili, kila mmoja akamwelekeza upande wake. Miaka ishirini alikuwa akizunguka dunia kutafsiri maneno ya watu mikutanoni, lakini jengo la saratani la mji huu lilimtoa jasho. Alimkuta kaka yake ghorofa ya pili, kwenye benchi refu, shati limepigwa pasi hadi kola.

"Umekonda," kaka akasema.

"Mgonjwa wewe, kukonda nikonde mimi?"

"Mimi nalishwa na shemeji yako. Wewe nani anakulisha?"

Kwao kaka huyu anaitwa Koki, kwa kuwa ni fundi bomba. Saa nne daktari angewaambia kama saratani ya tezi dume imebaki kwenye tezi au imeshaingia mifupani. Mdogo mtu alikuwa amesafiri kwa ajili ya hilo, ila kulitamka hakuweza. Akauliza tu ilikuwaje.

Ilianza kabla ya janga la korona. Kipimo cha damu kilikuja juu kidogo, Koki akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Haikutimia, kliniki ya hospitali ikafungwa: wanapokelewa wa dharura tu. Tarehe kwenye kadi ikakatwa, ikaandikwa nyingine, nayo ikakatwa.

"Ulisononeka?"

"Nilishangilia! Kile kipimo cha kidole nyuma nani anakitamani?"

Halafu hospitali ileile ikamwita kazini. Kila mlango ulitakiwa uwe na sinki la kunawia mikono, kwa hiyo Koki akawa anaingia mle kila siku na begi lake la spana. Mkojo ulikuwa umeanza kukatika-katika. Akajipima kifundi: bomba lililoziba halitoi kitu, langu linatoa, basi ni presha tu imeshuka. Akapunguza kunywa maji.

Siku aliyokuwa anafunga sinki mlangoni mwa kliniki yenyewe, nesi wa pale akamsimamia kichwani.

"Fundi, asubuhi hii umekwenda chooni mara tano."

"Nakagua mabomba, sista."

"Yapi, ya hospitali au yako? Mteja akikwambia maji yanatoka machache, unasubiri mpaka ukuta ulowe?"

Kumbe nesi huyo alikuwa na daftari la wanaume wote ambao tarehe zao zilikatwa, anawapigia simu mmoja mmoja baada ya zamu. Koki alikuwemo, ukurasa wa pili; alikuwa amebadili namba. Nesi akamtoa damu palepale, akaipeleka maabara kwa mkono wake. Kipimo kilikuwa kimepanda mara nne.

"Miezi kumi na minne bila kupimwa, kaka," mdogo mtu akasema.

"Na ningeongeza mingine kwa ujinga wangu. Wanaolilaumu janga wana haki yao. Mimi nikilala namwombea yule mama."

Saa nne ikapita kwa dakika kumi na saba. Daktari akawaita, akaweka picha kwenye taa. Mifupa ilikuwa safi. Ugonjwa haujatoka nje ya tezi, na mionzi ingetosha kuutibu. Mkalimani wa mikutano akaomba arudiwe kila neno.

Walipotoka, Koki hakumpigia mke wake kwanza. "Sista, mifupa safi," akamwambia yule nesi kwenye simu. "Mungu akuzidishie. Nipo hai kwa sababu yako."

Mara akaitwa chumba cha pili, akachorwe alama za mionzi mwilini. Akamtupia mdogo wake simu, akaondoka anafungua vifungo vya shati huku akimsalimia kila anayepishana naye.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Wewe nani?" nesi akauliza.

"Mdogo wake, tumbo moja. Ahsante, sista. Sina neno jingine."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Ugonjwa huu hupenda kufuata ndugu wa damu. Umeshapimwa?"

Mlango wa chumba cha pili ukafungwa nyuma ya Koki. Mdogo mtu akakaa benchini.

"Bado, sista," akasema. "Niambie naanzia wapi."