Jina Analoitikia Mama

Mama yangu amemzaa mshairi ambaye mashairi yake husomwa redioni na kufundishwa madarasani, lakini ukimwita Mama Mshairi haitiki. Anakupa mgongo na kuendelea kupepeta mchele wake. Nimeshuhudia walimu, padri na mwandishi mmoja wa gazeti wakiita mpaka wakachoka.

Anaitikia jina la kaka yetu tu. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, naye ameitwa hivyo tangu kaka yuko mgongoni. Mshairi ni dada, wa pili. Mimi ni wa mwisho.

Kaka alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Bulyanhulu. Duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka akiwa chini. Wenzake walifukua mpaka maji yakawashinda, wakatuletea koti alilokuwa ameliacha juu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba mkubwa ndiye aliyesimamia. Aliketi uani kwetu Nyasubi akasema msiba uishe, na kuanzia siku hiyo mama aitwe kwa jina la dada, asiwe anaumia kila anapoitwa.

"Nani kakwambia naumia?" mama akamjibu. "Shemeji, kaburi hamkunipa. Nimebaki na jina. Mkilinyamazia na hilo, itakuwa sikumzaa."

Baba mkubwa alikunywa chai yake, akaaga.

Kisha dada akapata sifa, na kazi aliyoshindwa baba mkubwa ikafanywa na watu wasio na ubaya wowote. Walimwita Mama Mshairi kwa kujivunia. Wengi hawakuwahi kumjua kaka. Sokoni, mama anakouza mchele, jina la zamani likawa linapungua, mpaka ikafika mahali nikawa nalisikia kwa muuza vitunguu wa meza ya jirani peke yake.

Mwaka huu kamati ya soko iliamua kumheshimu. Wakachongesha kibao cha kuning'iniza juu ya meza yake, wakamwalika dada kutoka Dar es Salaam. Spika zikafungwa, wanafunzi wakaimba. Mwenyekiti akashika kipaza sauti: "Mama Mshairi, karibu mbele!"

Mama akachota mchele mwingine, akautia kwenye ungo.

"Mayu, unaitwa," alisema muuza vitunguu; mayu kwa kilugha chetu ni mama.

"Mimi? Mwambieni huyo wanayemwita aje, na mimi nimfahamu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaita tena, kwa sauti zaidi. Mama akamgeukia mteja: "Kilo ngapi, baba?"

Dada akachukua kipaza sauti. "Mama wa marehemu," akaanza, akataja jina la kaka.

"Umemzika wewe?" mama akauliza kutoka mezani. Hakuhitaji spika.

Dada, ambaye maneno ndiyo kazi yake, akaita upya, Mama na jina la kaka, bila neno marehemu.

"Abee!" mama akaitika. Akaweka ungo chini, akajipangusa pumba mikononi, akaenda mbele. Alikitazama kibao kilichoandikwa Mama Mshairi kwa rangi nyekundu. "Kizuri," akasema. "Futeni."

Jioni, tukiwa watatu nyumbani, dada alimuuliza kama anaamini kaka yuko hai.

"Sijasema yuko hai. Nasema sijamzika, na sitawasaidia nyinyi kumzika mdomoni. Wewe una vitabu, watu watakutaja. Yeye ana mimi."

Mimi sikuona la kubishia, na sioni mpaka leo. Wanaosema mama anamwonea wivu mwanawe, waje wasimame pale mezani wamwambie.

Mwenyekiti anashikilia kuwa jina la mtu aliyepotelea shimoni halitundikwi sokoni, wateja watauliza maswali. Mama anasema wakiuliza atawajibu. Fundi amefuta neno Mshairi. Limebaki Mama na nafasi tupu. Kamati imeshakutana zaidi ya mara moja, na mpaka naandika haya kibao kimeegeshwa ofisini kwao, hakijaandikwa jina.