Jina la Msichana wa Pili

Daktari amemkataza mama yangu chumvi kwa sababu ya tension, presha ya damu, kwa hiyo huitia kwenye maharagwe nikiwa nimempa mgongo. Siku ile niligeuka mapema, nikamkuta mkono uko juu ya chungu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimgombeze, yeye akanitangulia.

"Donc miye nitakufa bila kujua kama mama yangu alinisahau?"

Hakusema kwa kilio. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya makaa. Mimi ndiye niliyebaki kama nimekalia miiba. Kesho yake nilikwenda Kasindi kazini, na lile swali likanifuata mpaka mpakani.

Kazi yangu ni karatasi. Mimi ni déclarante: lori likiingia kutoka Uganda, mimi ndiye ninayelitafutia njia katikati ya mihuri na foleni. Nimezoea kuamini kwamba kitu kisichoandikwa popote hakijavuka. Nikajiambia kwamba bibi yangu naye alivuka, kutoka Butembo kwenda Beni, na lazima karatasi fulani ilimwona. Nitamtafuta kama ninavyotafuta mzigo uliopotea.

Habari zake tulizokuwa nazo zilitoka kwenye mdomo mmoja, wa shangazi ya mama, dada ya babu yangu. Mungu amrehemu, ingawa sina hakika kama atafanya hivyo upesi. Bibi alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo bondeni, akafinyanga vyungu vya maharagwe na mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaviuza sokoni Butembo. Babu alikufa mapema, mama akiwa ndiyo kwanza anaachishwa ziwa. Ukoo ukataka bibi arithiwe na shemeji yake, kama ilivyokuwa desturi. Akakataa. Na kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba, aliondoka na jiwe lake la kulainishia vyungu, mtoto akabaki. "Alipenda udongo kupita weye," ndivyo shangazi alivyomwimbia mama yangu utoto wake wote. Na neno lililouma kupita hilo lilikuwa fupi: "Kule Beni alianza kuhesabu upya."

Asiye wa kwetu hawezi kujua jinsi neno hilo linavyochoma. Sisi Wanande mtoto tunampa jina la zamu yake. Msichana wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukisikia jina la mtu, unajua ni wangapi waliomtangulia. Hata aliyekufa anahesabiwa, nafasi yake haijazwi na mwingine. Mama yangu ana jina la msichana wa kwanza. Lakini mjane akiolewa kwenye ukoo mwingine, mara nyingi wakwe wapya hawataki kuendeleza hesabu ya wenzao. Mimba ya kwanza nyumbani kwao ndiyo ya kwanza. Kama bibi alikubali hivyo, basi Beni kulikuwa na mwanamke aliyepewa jina la mama yangu, kana kwamba mama yangu hakuzaliwa. Hicho tu ndicho alichotaka kujua kabla ya kufa. Shamba na kaburi hakuviuliza.

Katibu wa parokia, pale Butembo nilikoanzia, alikuwa mtu wa polepole. Aliitoa rejista ya ubatizo kabatini kama anayebeba mtoto mchanga, akaifungua, kisha akafunika ukurasa kwa vipande viwili vya katoni, kimoja juu na kimoja chini, ili nisisome mistari ya familia nyingine. Nilinyoosha shingo. Akasogeza katoni.

"Madame, haraka haraka haina baraka."

Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kusubiri lori Kasindi. Nilitembea mle ofisini, mlangoni na dirishani, dirishani na mlangoni, mpaka akanihurumia au akanichoka. Bibi tulimpata kwa majina ya wazazi wake, maana kwa jina lake peke yake wako wa kujaza kanisa. Pembeni mwa mstari wake padri fulani wa zamani alikuwa ameandika ndoa yake na babu. Chini yake, kwa wino mwingine: mjane, ndoa ya pili, Beni. Neno mfinyanzi sikulikuta. Mwanamke ambaye kilima kizima kilipikia katika vyungu vyake, kwenye karatasi alikuwa binti wa fulani, mke wa fulani, kisha mke wa fulani mwingine. Hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Kwenda Beni nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kwa sababu gari la abiria lilikuwa linangoja lijae, na mimi siwezi kungoja kitu kijae. Tukafika kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi. Mwanajeshi akanitazama nilivyokuwa nimepakwa vumbi.

"Mama, okei wapi?"

"Naenda kutafuta koko yangu, mama ya mama."

"Alipotea lini?"

"Mbele miye nizaliwe."

Akacheka, akaishusha kamba bila kuniomba kitu. Nadhani alidhani nina wazimu, na siku ile asingekuwa amekosea sana.

Beni rejista zilikuwa mikononi mwa mama mmoja mwenye miwani, Munande kama mimi. Ndoa ya bibi aliipata kabla sijakaa vizuri. Watoto wa ndoa ile nao walikuwepo, wamebatizwa katika makanisa madogo mbalimbali, kila mmoja mbele kidogo ya mwenzake kwenye barabara ya Eringeti, kana kwamba kuna kitu kilichokuwa kinawavuta kaskazini. Walikuwa wavulana, mmoja baada ya mwingine.

"Musichana tutafute na jina gani?" akaniuliza.

"Ya wa kwanza."

Akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna. Halafu kidole kikasimama, kabla ya wavulana wote. Baba yuleyule, mama yuleyule. Msichana, na jina lake lilikuwa la msichana wa pili.

"Kama wa pili iko," akasema yule mama, "wa kwanza lazima iko fasi fulani."

Basi shangazi alisema kweli. Walianza kuhesabu upya, wakapata wa kwanza mwenye jina la mama yangu, kisha akafuata huyu. Labda yule wa kwanza alikufa kabla ya kubatizwa, labda walimbatiza kwingine. Mtu wa Kinshasa asingeona shida yoyote hapo, angeona mtoto mmoja na kugonga muhuri. Sisi wawili, tuliozaliwa ndani ya majina haya, tulirudi nyuma kurasa na kurasa kumtafuta wa kwanza, mpaka mama wa miwani akaona saa ya chakula imepita. Simu yangu ililia mkobani, mama akinipigia. Sikuipokea. Ningemwambia nini?

"Mais huyu wa pili mwenyewe ni muzima," yule mama akasema akifunga kabati. "Anafinyanga vyungu. Alikimbia vita kule Eringeti. Muzee moja Mwislamu, mwenye malori, alimupatia fasi ku lupango yake, nyuma ya soko."

Angepaswa kunieleza hivyo mapema, nikafikiri, lakini nilikuwa nimeshafika barabarani.

Ua wa mzee huyo ulikuwa umejaa malori yaliyofunguliwa matumbo na harufu ya mafuta ya mazuti. Kwenye kona, chini ya turubai, mwanamke mzee alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha, akizungusha kamba ya udongo juu ya nyingine. Pembeni yake vilikuwa vimepangwa vyungu vidogo vyenye tundu chini. Aliona ninavyovitazama.

"Ya maua," akasema. "Ya bureau za mashirika. Batu bananunua chungu yenye kutoboka. Dunia inaisha."

Kwa adabu ningepaswa kumwita mama mudogo, nikae, niulize hali ya nyumba, ya watoto, ya kazi. Sikuweza. Nilimwambia natoka Butembo, nafuatilia watoto wa mfinyanzi fulani, nikamtajia jina la mama yake. Akaitika kwa kichwa. Nikauliza palepale, nimesimama:

"Mukubwa yako iko wapi? Ule wa kwanza?"

Mkono wake ulisimama kwenye ukingo wa chungu. Kidole gumba tu kiliendelea kubonyeza, mpaka ukingo ukalala upande.

"Weye pia?" akasema. "Ile swali bananiulizaka tangu mutoto. Ku masomo, ku misa, ku soko. Mutu akisikia jina yangu tu: mukubwa yako iko wapi? Mama alinifundisha kujibu. Mukubwa yangu iko Butembo, kwa baba yake."

Sikuelewa. Kichwa changu, kinachoweza kugundua katoni moja iliyokosekana katika lori zima, hakikuelewa.

"Donc hapa Beni hakukuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza wa hapa ni miye. Baba na bandugu yake balitaka banipe jina ya wa kwanza. Mama alikatala. Alisema, wa kwanza iko, hajakufa, siwezi kuzaa mutu moja mara mbili. Balimukasirikia. Baba hakunibebaka mpaka nikaanza kutambaa. Mais jina ilibakia."

"Na sababu gani hakurudia mutoto yake?"

"Alirudi. Na vyungu ku kichwa, kama muuzaji. Balimutambua, balimufukuza ku mulango: mutoto ni wa ukoo. Kisha hakuenda tena. Udongo ya hapa ilikuwa inapasuka ku moto, akafuata ile muzuri kule Eringeti, kila mwaka mbali zaidi, mpaka kufa kwake." Akaunyanyua ule ukingo uliolala. "Sisemi alifanya muzuri. Nasema tu hakusahau."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu, nikalia. Mimi si mtu wa kulia, hata siku mzigo wangu ulipowaka moto sikulia. Mafundi wa malori wakazima redio. Mwanamke mzee akanitazama kwa wasiwasi.

"Juu ya nini unalia? Weye ni nani?"

Nikamwambia. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja, udongo ukitoka kwa vipande.

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Anakula chumvi."

Nilikuwa nimeshatoa simu nimpigie mama. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Mutu wa tension, habari kama hii hapana kumurushia na simu. Uende umuambie macho kwa macho. Nitangojea. Nimezoea." Akanipa namba ya simu yake na chungu cha maharagwe, kisicho na tundu, akanionya nisikiache kigongane na chuma cha pikipiki. Nilikipakata njia nzima, nikimwambia dereva aongeze mwendo, na kila alipoongeza nikimgombeza kwa ajili ya chungu.

Mama alikuwa jikoni. Maneno niliyoyapanga kutoka Beni yote yalinipotea, nikabaki na moja.

"Alizaa musichana mwengine kule."

Akashika ukingo wa meza. "Jina?"

Nikalitaja jina la msichana wa pili. Nikamweleza na hasira ya wakwe, na yale maneno ya mama yake, kwamba hawezi kuzaa mtu mmoja mara mbili.

Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayepiga hesabu, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa moja na mbili. Kisha akaketi kwenye kigoda, akalia, na katikati ya kilio akacheka, akamtukana shangazi yake marehemu kwa Kinande tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

"Alinihesabia," akasema. "Kumbe alinihesabia."

Nikapiga simu Beni, nikafungua sauti ili sote tusikie. Ikapokelewa, na hakuna aliyesema. Nilisikia lori linanguruma kule, na pumzi. Kwetu mdogo ndiye anayetangulia kusalimia, na mdogo alikuwa ameshikwa na woga. Mama yangu, ambaye asubuhi ile aliamka akiwa mtoto aliyeachwa, alikunja uso kama mtu aliyelea wadogo kumi.

"Sasa weye, ni miye nikusalimie kwanza? Mama hakukufundisha?"

"Yaya," ile sauti ikasema. "Jambo, yaya."

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Watoto wa ukoo walimwita mama hivyo kwa adabu, lakini wa tumbo moja hakuna aliyewahi kumwita. Mama alinigeukia, uso wote umelowa.

"Unité ya kuongea iko ya kutosha mu hii simu?"

"Iko, mama."

"Basi toka. Na ile chumvi uiache fasi iko."