Nilibeba jeneza kwa pikapu inayotumia mafuta ya chipsi, mafuta yakaganda msituni njia ya Inyonga

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaochangia na mnaopita kimya kimya.

Naandika nikiwa ndani ya gari hiyo hiyo, hapa Majengo, Mpanda, nasubiri mzigo. Sitatia chumvi. Kuna mkwe wangu mmoja yupo humu jukwaani, nikiongeza neno atanikosoa.

Nina pikapu ya zamani ya dizeli, zile injini zisizo na kompyuta. Nabeba asali ya Inyonga, mahindi, chochote. Dizeli ilipozidi kunitoa jasho nikaanza kusoma mtandaoni jinsi watu wanavyoendesha kwa mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika.

Kwa wasiojua: gari inakuwa na tenki mbili. Unawasha kwa dizeli kutoka tenki ndogo. Injini ikipata moto unageuza koki, inaanza kunywa mafuta ya kupikia kutoka tenki kubwa. Kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli ili njia isafishike.

Aliyenisaidia kufunga hiyo system ni shemeji yangu Domisiani, kaka wa mke wangu. Mfuga nyuki wa Inyonga. Mafuta tulikusanya kwa wakaanga chipsi wa hapa Majengo, yeye akayachuja kwa kitambaa chake cha kuchujia asali. Gari ikipita inanukia chipsi. Domi alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

Kipindi cha baridi akaugua, akaletwa hospitali huku mjini. Hakutoka.

Ndugu wakataka kukodi gari la maana la kumpeleka kwao. Mama mkwe akasema, "Atapanda gari yake, aliyoifunga kwa mikono yake." Nani abishe.

Tukaondoka asubuhi mapema, baridi inauma. Nyuma kuna jeneza chini ya turubai, na mke wangu, na ndugu wachache, na baba mdogo Kasiani, yaani baba mdogo wa mke wangu. Kuna pia masufuria ya kupikia msibani na madumu ya maji. Mbele mimi na mama mkwe.

Mimi Msukuma wa Kasokola. Kwetu mama mkwe unamheshimu kwa umbali, sasa tumebanana bega kwa bega. Nashika gia, naachia, nakohoa bila kikohozi.

Tulipoingia msituni nikageuza koki. Gari ikaenda kidogo, ikaanza kukwama kwama, ikazima.

Nikarudi kwenye dizeli, nikatoa upepo kwenye njia ya mafuta kwa pampu ya mkono, ikawaka. Nikageuza koki, ikazima tena.

Nikafungua filta. Ndani kuna uji mwekundu, mzito kama samli.

Mawese. Mmoja wa wale wakaangaji alikuwa amekaangia mawese, yakachanganyika kwenye dumu. Safari hii niliyachuja mwenyewe, Domi akiwa hospitali, mchana wa jua kali, yakapita kama maji. Sasa kwa baridi ile yameganda ndani ya bomba linalopita chini ya gari.

Na dizeli ilikuwa ya kuwashia na kuzimia tu. Isingetufikisha Inyonga, isingeturudisha Mpanda. Mtandao hakuna.

Jua likapanda kidogo, mbung'o wakatuvamia. Wanauma juu ya shati. Kila mtu kashika tawi, anajipiga mgongoni.

Baba mdogo akashuka, akanisogelea. "Mkwe, umetuletea karai la chipsi kwenye msiba wa mtoto wetu?"

Nikaendelea kukung'uta filta.

"Kaburi liko wazi kule. Katekista anasubiri. Likipita lori tunamhamisha."

Na lori la tumbaku likapita kweli, likasimama. Nikamwomba dereva dizeli. Akasema tenki lina kufuli na ufunguo anao tajiri, ila marehemu anaweza kumbeba. Baba mdogo akaanza kufungua kamba.

Mama mkwe akashuka. Akaweka mkono juu ya jeneza.

"Kasiani, mwache. Mwanangu hahamishwi hamishwi kama gunia."

"Shemeji, tutachelewa."

"Tutachelewa naye."

Dereva akatupa pole, akaondoka.

Wakuu, nilitembea barabarani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nasikiliza kama kuna gari lingine, narudi, nafungua boneti, nafunga. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, tulia. Hayayeyuki kwa wewe kutembea."

Hilo neno kuyeyuka ndilo lililonizindua. Tuna maji, tuna masufuria, kuni zimejaa msitu mzima.

Tukawasha moto kando ya barabara, mbali na gari. Nikalala chini, nikazungushia matambara kwenye bomba, wakawa wananipa maji ya moto namwagia. Yananirudia usoni, mbung'o wananimaliza miguuni. Nikaona mkono unanipa jagi lingine. Alikuwa baba mdogo, kavua koti.

Tulirudia na kurudia. Nikafungua hozi, yakaanza kutoka mekundu, mepesi kama chai. Nikabadilisha filta, nikatoa upepo, nikawasha, nikasubiri ipate moto. Nikageuza koki.

Ikashika.

Tulipofika Inyonga jua limeshainama. Sikuthubutu kuzima injini. Ile harufu ikatangulia mpaka uani, na nikamsikia mzee mmoja mfuga nyuki akiwaambia wenzake, "Domi huyo kafika." Nikaegemea usukani, nikalia.

Katekista alikuwa bado yupo. Tulizika.

Gari bado inatumia mafuta ya chipsi. Funzo kwa mnaotaka kujaribu: ulizeni ni mafuta ya aina gani. Kidogo yawekeni kwenye chupa, ilale nje, asubuhi muone kama yanaganda. Bomba lipashwe na maji ya rejeta. Na mkibeba mgonjwa au msiba, jazeni dizeli, acheni ujanja.

La mwisho. Matanga yalipoisha nilikwenda kwa mama mkwe, nikachuchumaa mbali kidogo. "Mama, nisamehe kwa yale ya njiani."

Akanitazama. "Nikusamehe nini, baba? Hospitali kila nikikaa naye, muda ukiisha wananitoa. Pale msituni hakuna aliyenitoa."

Siku ile mimi nilikuwa nahangaika tufike. Sikuwaza kabisa kwamba kuna mtu kwenye gari hakutaka kufika.

Nyie wa Kigoma mnaoishi na mawese, semeni mnafanyaje wakati wa baridi. Wenye kutaka kunitukana nao karibuni, baba mdogo alishawatangulia.