Mkandaji wa Nyayo

Miaka ile kabla ya mapinduzi, msimu wa karafuu ukiingia, wachumaji walioshinda wamesimama matawini peku walikuja kwa bibi mkandaji wetu wa Mtambile wakichechemea. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vikinuka mafuta ya nazi. Ukimwomba radhi kwa kumwekea mguu mapajani, alisema, "Lete, mwanangu, mguu hauna utovu wa adabu." Alikikanda kisigino kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, kisha akakupa mchi wa kinu uubingirishe chini ya uvungu wa unyayo, naye akarudi kusuka ukili wake wa mkeka pale barazani, njia ameipa mgongo.

Mbarouk, mmoja wa wachumaji hao, alikuwa amekatazwa naye kupanda mikarafuu mpaka apone. Asubuhi moja, akiogopa msimu usimpite, alinyata nyuma ya bibi yule na pakacha lake begani. Mkandaji hakugeuka. "Rudi, Mbarouk. Kisigino chako bado kinaiogopa ardhi." Mbarouk akatua pakacha, akaketi, akanyoosha mguu.

Baraza ile sasa imeota majani. Nami, mzima wa miguu yote miwili, kila nikipita pale hunyata makusudi, nikingoja kuitwa.