Hafswa, mwanamke anayelisha waume za watu kwa mizani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaani Barani mjini Malindi, Hafswa Yaseen anamenya yai la thelathini na tisa. Analipasua, anakitoa kiini kwa kidole gumba na kukitupa kwenye bakuli la bluu, kisha weupe anauweka kando. Paka watatu wamejipanga mlangoni, manyoya yanawang'aa. Saa ya viini wanaijua kuliko yeye.

"Paka wa mtaa huu wote wamenona," asema Hafswa. "Taabu yangu ni wanaume."

Mezani kuna makopo kumi na manne. Yenye vifuniko vya kijani ni ya wanaume wanaotaka kupunguza unene. Yenye vifuniko vyekundu ni ya wanaotaka misuli. Kila kipande cha kuku hupita kwenye mizani ndogo kabla hakijaingia koponi, na kikizidi hukatwa, hata kikiwa kimezidi kwa ukucha. Kando yake kuna viazi vitamu kutoka Jilore, pojo zilizochemka vizuri, mboga ya mchunga kutoka Kakuyuni na jodari wa kuchoma.

Karibu na meko kipo kiti cheupe cha plastiki, kimefutwa vumbi kikatakata. Mwandishi wa habari hizi alipotaka kukikalia, Hafswa aliruka kama aliyeunguzwa.

"La, la, la! Hicho kina mwenyewe." Akamsogezea mbuzi ya kukunia nazi, akae hapo.

Hafswa ana umri wa miaka thelathini na minane. Ana talaka moja, watoto wawili na mama mzee. Kopo moja huliuza shilingi 250, na akishatoa gharama za soko na makaa hubakiwa na kama shilingi 1,100 kwa siku. Humo ndimo mlimo kodi, karo na dawa za mama.

Miaka saba alifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya watalii ambayo baadaye ilifungwa. Huko ndiko alikojifunza kupima chakula, maana walikuwako wageni waliotaka kuku wa gramu mia na hamsini, asizidi wala asipungue.

"Mwanzo nilidhani ni wagonjwa," akumbuka. "Mtu amevuka bahari kuja Malindi, kisha aagiza kuku bila ngozi na mboga bila chumvi! Nikawa nawaombea dua."

Hoteli ilipofungwa alianza kuuza mahamri nje ya ukumbi wa mazoezi wa Kamande, jamaa wa Murang'a aliyehamia pwani na vyuma vyake miaka kumi iliyopita. Kamande alivumilia wiki mbili tu.

"Nilimwambia, dada Hafswa, mimi hapa ndani nawatoa jasho, wewe hapo mlangoni unawarudishia mafuta. Tutafika kweli?" asimulia Kamande. Wakakubaliana. Hafswa apike kwa kipimo, Kamande awapime wanaume kila Jumamosi.

Kazi ilishika. Kisha akaja Mahmood.

Bwana Mahmood ana miaka hamsini na minne na duka la rangi na misumari karibu na soko. Siku ya kwanza kupanda mizani ya Kamande alikuwa kilo mia na nane. Magoti yalikuwa yamemgomea, hata msikitini alikuwa akisali juu ya kiti cha plastiki, safu ya nyuma pamoja na wazee wa miaka themanini.

"Nimechoka kukaa kitini kama abiria," alimwambia Hafswa siku hiyo. "Nataka niweke paji la uso chini kama wenzangu, kabla sijafa."

Maneno hayo yalimwingia Hafswa. "Wallahi yaliniuma. Nikasema huyu atapungua, hata ikibidi nimhesabie punje za wali."

Akamhesabia kweli. Kila siku saa sita kamili kopo la kijani lilifika dukani. Samaki wa kuchoma, mboga, kiazi kimoja kisichozidi ngumi ya mtoto. Mahmood alikula yote, akarudisha kopo jeupe pe.

Jumamosi ya pili alikuwa kilo mia na tisa. Ya nne, mia na kumi. Ya sita alikuwa mia na kumi na mbili, na mizani ikatoa mlio ambao Kamande hakuwahi kuusikia.

"Mizani yangu haipokei hongo," Kamande alijitetea. "Nilipanda mimi mwenyewe kuhakikisha. Ilikuwa nzima."

Habari ilitembea. Jikoni kwa Hafswa unakwenda kupungua unarudi umefura, watu wakasema. Wateja wakaanza kuona haya kupita. Kumi na wanne wakawa sita. Hafswa akapunguza kiazi cha Mahmood, akamwondolea samaki wa Jumatano, akanunua hata betri mpya ya mizani yake. Mahmood akazidi kunawiri.

Na kama hayo hayatoshi, akaja Bi Kamaria.

Bi Kamaria ni mke wa Mahmood kwa mwaka wa ishirini na tisa sasa. Vilevile, kwa bahati ya Hafswa iliyokuwa ikienda mrama, ndiye mwenye chumba. Ile safu yote ya vyumba vitano, jiko la Hafswa likiwemo, aliiacha marehemu baba yake. Siku hiyo aliingia na buibui lake, mkononi kashika kopo la kijani alilolikuta limefichwa chini ya kiti cha gari.

"Shikamoo, Bi Kamaria," Hafswa akasema.

"Marahaba. Wewe ndiwe unayemlisha mume wangu?"

Mwanamke aliyeachwa, anampikia mume wa mtu kila siku, na mume analificha kopo. Mtaani hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Majirani walikuwa wameshasema Mahmood kalishwa limbwata, ile dawa ya kumpumbaza mume, ndiyo maana ananenepa na kucheka peke yake dukani.

"Ndimi, mama," Hafswa akajibu. "Ila namlisha kwa kipimo."

"Kipimo gani hicho? Suruali zake zote nimezifumua! Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

Hafswa anasema hapo aliona kila kitu kinakwenda: meko, makopo, karo ya watoto. Kisha swali moja likamtoka bila kupanga.

"Bi Kamaria, kwani nyumbani anakula?"

"Asile kwani mimi nimekufa?"

"Anakula nini?"

"Jana wali wa nazi na samaki wa kupaka. Juzi biriani. Leo nimemwachia pilau na kachumbari, na hunilambia sahani mpaka maua yake yanaonekana."

"Saa ngapi?"

"Saa nane, akitoka msikitini."

"Na changu anakula saa sita," Hafswa akasema polepole.

Wanawake wawili wakatazamana. Kisha, bila kuambizana, wakaita kwa sauti moja jina ambalo lilisikika hadi barabarani: "Mahmood!"

Aliletwa kutoka dukani akitweta, mikono ina rangi. Alikiri palepale. Kwa wiki sita alikuwa akila chakula cha mchana mara mbili.

"Ningesemaje?" alilalama. "Mwanamke anakupakulia miaka ishirini na tisa, siku moja umwambie umeshiba kwa watu? Angeniuliza kwa watu gani!"

"Basi si ungekiacha cha Hafswa!" Bi Kamaria akafoka.

"Nimekilipia!"

Kamande, aliyefika kwa kusikia kelele, alilazimika kutoka nje kucheka. Bi Kamaria hakucheka. Alimwambia Hafswa kwamba notisi ya chumba iko palepale, ila atampa siku tatu. Siku hizo tatu yeye mwenyewe angekaa humo jikoni na kuona kwa macho yake kila kinachoingia chunguni.

Akaja kesho yake alfajiri, akaketi juu ya mbuzi ya nazi, pepeo mkononi. Alinusa kila kikopo cha viungo. Alionja chumvi, akaonja na sukari ya chai ya Hafswa. Dawa ya mapenzi hakuiona. Alichokiona kilimuudhi zaidi.

"Huu mchicha umekosa nini hata ukanyimwa nazi?" aliuliza.

"Nazi ina mafuta, mama."

"Tui la kwanza ndilo lenye mafuta! Tui la pili ni maji yaliyopita karibu na nazi. Mpe mtu vijiko viwili, tia ukwaju na tangawizi, ale kama binadamu. Ndiyo maana mume wangu akitoka kwako anakuja mbio kwangu."

Hafswa akapima vijiko viwili vya tui jepesi. Akaonja. Akachota tena. "Miaka saba hotelini na hakuna aliyenifunza hilo," asema sasa. Siku ya tatu notisi haikutajwa tena, na siku ya nne Bi Kamaria alikuja vilevile.

Tangu hapo mteja mpya akifika, Hafswa hamwulizi kwanza uzito wake. Humwuliza, "Nyumbani nani anakupakulia?" Akishajua, huvaa buibui akaenda kumsalimu huyo mwenye kupakua, awe mke, mama au dada, na kopo hupelekwa nyumbani likapakuliwe huko huko. Kati ya wale kumi na wanne wa mwanzo, tisa walikuwa wakila mara mbili. Wote wamerudi.

Kwa wenye vifuniko vyekundu mambo yalikuwa kinyume. Kyalo, mlinzi wa lango la nyumba moja ya wageni, alilipia weupe wa mayai sita kwa siku kwa miezi miwili na mikono ikabaki vilevile. Alipohojiwa na Bi Kamaria akasema kila akifungua kopo huwaambia wenzake karibuni, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu pwani.

"Na wao wanakaribia?"

"Wote watatu, mama. Wana vijiko vyao."

Na nyumbani nani anakupakulia? "Sufuria," akajibu Kyalo. Sasa hula humu jikoni, nyuma ya mlango, mgongo kwa watu. Kifua kimeanza kutuna, naye hupita barabarani akiwa amekitanguliza.

Saa mbili kasorobo Bi Kamaria anaingia, anaitikia shikamoo ya Hafswa na kuketi kwenye kile kiti cheupe. Anafunua chungu. "Ukwaju umezidi," asema, ingawa haujazidi. Hafswa anamkonyeza mwandishi.

Mahmood leo ni kilo tisini na nane. Huu ni mwezi wa tano.

Ijumaa moja, wiki tatu zilizopita, alichelewa kurudi kutoka msikitini. Bi Kamaria anasema alikwisha kukasirika, akidhani mume keshapata jiko la tatu. Kisha akamwona anaingia uani, kabeba kwapani kile kiti chake cheupe cha plastiki. Kwenye paji la uso alikuwa na alama za mkeka, mistari mistari.

"Sikumwuliza kitu," asema Bi Kamaria, na pepeo limesimama mkononi. "Nililia tu. Naye akaniambia, mama, hiki kiti sina kazi nacho tena. Nikakileta hapa."

Hafswa anafunga kifuniko cha mwisho, cha kijani, anakifuta kwa kanga. Chumba cha pili kiko tupu, na Bi Kamaria ameshakubali ukuta utobolewe, kwa sharti kwamba tui alipime yeye. Hafswa anataka kuweka meza ndefu humo, na meko mengine mawili.

Anaulizwa anatarajia wateja wangapi. Anatikisa kichwa.

"Wateja siwahesabu. Safu ya nyuma pale msikitini bado kuna viti vinne," asema, akitazama cheupe kile na mwenyewe aliyekikalia. "Wenye viti nawajua, na wake zao nimeshawasalimu. Naviomba vyote vinne, nivipange kwenye meza yangu."