Mhakiki wa Jazi Aenda Kuposa

Jumapili nilikuwa Mwankoko, Singida, kwa shangazi, mtangazaji wetu wa redio akaja na mshenga kumposa binamu yangu. Ni yule anayehakiki bendi za jazi kwa sauti ya mtu aliyepewa uji bila sukari.

“Shikamoo, baba,” akamwamkia mume wa shangazi.

“Marahaba. Redioni ulisema tarumbeta ya bendi ya Singida inafanyaje?”

“Nilisema… inakoroma.”

“Mpulizaji ni mimi.”

Mzee akachukua tarumbeta yake, akapuliza mpaka mbuzi wakakimbia. Mhakiki akafumba macho, akayumba kama aliyelewa.

“Kumbe tamu hivi, baba! Redio ndiyo inaiharibu.”

“Basi kaseme hivyo hivyo redioni, ndipo ulete ng’ombe.”

Jana redioni alisema: ndugu wasikilizaji, mitambo ilikuwa na hitilafu. Yeye kapata mke. Sisi wasikilizaji tumebakiziwa tarumbeta.