Mtungi Usiotoa Jasho

Mimi shule niliiacha mapema, lakini udongo naujua. Kwetu, upande huu wa Homa Bay, nani hajakunywa maji ya mtungi wangu? Labda mwenye hakuwa na kiu.

Miaka ile ya tisini mjukuu wangu alimaliza kidato cha nne Migori, akaja kukaa na mimi. Alikuja na nguo chache na boksi la rangi ya mafuta, masalio aliyopewa na mwalimu wake wa sanaa. Mwanangu, baba yake, alitaka awe mwalimu. Yeye alitaka kuchora na kufinyanga, basi.

"Nitakuja Krismasi nione hiyo kazi inafaa nini," mwanangu alisema. "Isipofaa, Januari ni chuo cha ualimu, na sitaki maneno."

Msichana akafinyanga. Mikono yangu kabisa! Tukachoma mitungi yake miwili kwa nyasi na mavi ya ng'ombe, ikatoka myekundu, ukigonga inalia. Mmoja akaupaka rangi wote, kuanzia mdomo hadi makalio: ziwa, omena, dagaa wetu wa ziwani, wakianikwa, na mimi nimebeba kuni.

"Dani, umependa?" akaniuliza mimi nyanya yake.

"Pua punguza."

Krismasi mwanangu akafika na vumbi mpaka kwa kope. Mgeni kwanza ni maji. Binti yake akamchotea kutoka kwa ule mtungi wa rangi. Akameza funda moja, akakunja uso.

"Mama, haya ni ya kuoga?"

Nikaonja. Uvuguvugu, kama uji wa mtoto! Na mimi, mzee mzima wa udongo, sikuwa nimewaza. Mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho, na huu tulikuwa tumeuvalisha koti la mafuta.

"Mtungi wa kutazamwa," mwanangu akacheka. "Januari utaenda chuo."

Msichana hakulia. Aliupapasa ule mtungi tumboni, mkavu kama jiwe, akafikiri.

"Baba, leo bado ni Desemba."

Karibu nipige kigelegele.

Akauchukua ule mtungi wa pili. Safari hii alipaka shingo peke yake, omena wote wamejibana huko juu kama wako sokoni, tumbo akaliacha wazi. Akaujaza maji. Asubuhi tumbo lilikuwa linatiririka jasho.

Mwanangu akajichotea mwenyewe, rangi mbichi ikamshika vidole. Akanywa. Kisha akanyoosha kikombe.

"Ongeza."

Siku ya kuondoka aliupakata huo mtungi mpaka Migori kama mtoto mchanga. Chuo hakukitaja tena.

Siku hizi watu wa mijini wanasimama mbele ya mitungi ya mjukuu wangu, shingo zimejaa rangi, matumbo wazi, wanaulizana maana yake ni nini. Maana gani? Baba yake alitaka maji baridi.